Mamba Mwenye Jino Bovu na Jumamosi Niliyoitaka

Mwanangu aliniambia mbele ya sahani ya maharagwe kwamba nyumbani kwangu hakuna kitabu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesema kwa fulani hakuna bomba la maji. Lakini nilimsikia vizuri, na kijiko nikakiweka chini.

Nilikuwa nimemwomba kitu kimoja tu: Jumamosi. Mjukuu wangu wa kike alikuwa ametimiza miaka mitano, na kila Jumamosi asubuhi alipelekwa kwa bibi yake mwingine, mama mzazi wa mke wa mwanangu. Huyo, kwa desturi yetu, mimi namwita bamwana na yeye ananiita bamwana. Alikulia Uganda, akafundisha shule mpaka akastaafu. Ana miwani ya kusomea na miwani ya kutazamia watu, na sebuleni kwake kuna rafu ya vitabu inayoanzia sakafuni na kuishia pale mkono wake unapofika. Mtoto anamwita Jaja, kama wanavyoita huko alikokulia. Mimi ananiita Nyogokuru, bibi kwa Kinyarwanda. Jaja anasoma hadithi za wanyama, zile zenye funzo mwishoni. Nyogokuru anakaanga sambusa. Hivyo ndivyo mambo yalivyogawanywa, na hakuna aliyeniuliza.

"Mama," mwanangu akasema, "kwako atakaa mbele ya televisheni kutwa nzima."

"Wewe ulikaa mbele ya nini?"

"Mbele ya marobota ya vitenge."

"Ukafa?"

Mkewe alicheka akajificha nyuma ya glasi. Mwanangu akaona anipoze. Akasema, basi Mama, chukua Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Asiyeishi Kigali hataliona tusi hapo. Jumamosi ya mwisho ni ya umuganda: asubuhi watu wako nje na majembe na mafagio, maduka yamefungwa, magari hayatembei mpaka kazi iishe. Kutoka kwao Niboye mpaka kwangu Kabeza mtoto angefika saa sita, ale, asinzie, arudishwe.

"Umenipa Jumamosi isiyo na kichwa," nikamwambia. "Mimi nataka yenye kichwa na mkia."

"Nunua vitabu vya maana kwanza, Mama. Halafu tutaongea."

Nataka mjue aliyeambiwa maneno hayo ni nani. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, Bujumbura, Buyenzi, kwa sababu nyumbani kulikuwa na midomo mingi na mikono michache. Nilikuja Kigali na robota moja la vitenge nikilikalia kama kuku. Leo nina duka Muhima, lenye milango miwili, na hakuna mwanamume aliyenifungulia hata mmoja. Kusoma kwenyewe nimekumalizia kwenye vitambaa. Kila kitenge kina maandishi pembeni, kwenye ukingo, na mimi nimesimama na kingo hizo miaka arobaini. Nasoma polepole, ni kweli. Lakini nilichokisoma hakitoki. Kuna watu wanasoma kama wanaokimbia mvua. Wakifika mwisho waulize wamepita wapi, hawajui.

Jumatatu nikavaa kitenge changu cha harusi, nikamwachia jirani duka, nikapanda mlima kwa miguu mpaka mjini, kwenye duka la vitabu.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Akanipokea kwa mikono miwili.

"Karibu, Mukecuru." Yaani bibi mzee. "Unatafuta Biblia?"

"Kwa nini Biblia?"

"Wazee wengi wanaokuja…"

"Biblia ninayo. Nataka wanyama."

Alielewa haraka, hilo nampa. Akaniwekea mezani rundo la vitabu vya watoto: vya Kiingereza, vya Kifaransa, vya Kinyarwanda. Nikamwambia nataka vya Kiswahili. Kinyarwanda mtoto anakipata kwa kila mtu, Kiingereza anakipata kwa Jaja na shuleni, lakini Kiswahili ndicho ninachogombezea, ninachouzia, ninachochekea. Kikipotea kwake, nusu yangu hatanijua. Akatafuta chini ya meza, nyuma ya madaftari, juu ya kabati, akarudi na vitatu, kila kimoja kina hadithi na picha za rangi.

Sasa, kila kazi ina namna yake. Kitambaa hakinunuliwi kwa macho. Unakikunja ngumini uone kama kinabaki na makunyanzi. Unakinusa. Unakivuta pembe kwa pembe. Unalowesha kidole gumba kwa mate, unasugua pale rangi ilipo nzito. Mwisho unakitoa nje juani, maana taa ya dukani ni mwongo. Sikujua namna nyingine ya kuchagua kitu, na sikuona aibu.

Cha kwanza kilikuwa kikubwa, jalada gumu, herufi za dhahabu. Nikakinusa: safi. Nikakivuta jalada: limeshonwa vizuri, si gundi tupu. Nikasugua simba: rangi haikutoka. Nikasema moyoni, hiki ndicho. Hiki nikikiweka juu ya meza Niboye, bamwana atavaa miwani yote miwili.

Cha pili kilikuwa na wanyama waliovaa nguo. Nilifika ukurasa wa nne nikasimama.

"Huyu nani alimshonea?"

"Nani, Mukecuru?"

"Mke wa kobe."

Mwenye duka akavaa miwani akasogea. Nikamwonyesha. Mke wa kobe amevaa gauni la kitenge cha ndege, na ndege wote vichwa chini, miguu juu, kama kuku wanaopelekwa sokoni. Kitambaa chenye ndege kina juu na kina chini! Fundi akikikata hivyo kwangu, gauni analilipa.

"Mtoto wa miaka mitano hataona," akasema.

"Ataona. Mjukuu wangu mimi? Kitabu kinakuja kufundisha adabu, na mwenyewe hajui juu ni wapi?"

Nikakisukuma pembeni. Cha tatu kilikuwa kidogo, jalada laini, juu yake mamba amefunga shavu kwa kitambaa kama mtu mwenye jino. Nikatia mate kidole, nikamsugua mamba mgongoni. Kidole kikarudi kijani.

Mwenye duka alipiga ukelele mpaka mlinzi akachungulia mlangoni.

"Mama we! Hicho ni kitabu!"

"Kinatoa rangi."

"Kwani kinafuliwa?"

"Wewe huna watoto. Kitafuliwa."

"Ninao watatu!"

"Basi huwa hushindi nao nyumbani."

Alianza kucheka akiwa bado amekasirika, na hicho ni kicheko kizuri kuliko vyote kwa mfanyabiashara. Nikaona hapo hapo nimalize kazi. Nikachukua kile cha dhahabu mkono mmoja, kile cha mamba mkono mwingine ili nipate cha kulinganishia, nikatoka nje juani.

Mlinzi akanirukia. "Mukecuru! Hujalipa!"

"Siendi popote. Naenda juani."

"Vitabu haviendi juani!"

"Ndiyo maana vinapauka."

Nje, ukutani, alikuwepo dereva wa pikipiki ya abiria, ameegemea pikipiki yake, na kofia ya abiria ameining'iniza mkononi kama kikapu. Pembeni yake kuna wakala wa pesa za simu, mama mmoja mnene chini ya mwavuli. Nilipokuwa naanza kuuza, sikuwahi kuamini jicho langu peke yake. Nilikuwa natandaza kitambaa mbele ya wapita njia nikitazama nyuso zao. Nikawapa kile cha dhahabu.

Dereva akafungua kurasa tatu. "Kizuri," akasema, kwa sauti ile ya kusifia mtoto wa mwenzako.

Wakala akakipokea. "Kizuri sana." Akanirudishia.

Mteja anayesema kizuri sana huku anakurudishia kitambaa, huyo hanunui, hata umbembeleze mpaka jioni. Nikawapa cha mamba, basi tu, kwa kutimiza.

Dereva akafungua. Akainamia picha. Akafungua ukurasa mwingine, akainama zaidi, halafu akacheka mpaka kofia ikamtoka mkononi.

"Huyu ndege ana wazimu!"

"Ndege gani?" Wakala akaacha mwavuli wake. "Lete nione. Lete hapa, usinifiche!"

Hadithi yenyewe ni hii. Mamba anaumwa jino. Amelia siku tatu, mto umejaa chumvi. Wanyama wote wanampa pole wakiwa mbali. Ndege mdogo wa kwenye matete anamwonea huruma, anaingia kinywani, analifunga jino kwa ukindu, anavuta, linatoka. Na mamba anafunga mdomo. Anasema nilifunga kidogo tu, kwa raha ya kupona. Ndege yuko tumboni, na hajui la kufanya, basi anaimba. Kesho yake ni harusi ya kiboko. Wazee wanatoa hotuba, na tumbo la mamba linaimba. Wageni wote wanageuka. Mamba anafungua mdomo aseme siyo mimi, na ndege anatoka puruu na jino mdomoni, mbele ya bwana harusi. Chini ya picha hiyo wameandika funzo: usiingie katika shida za mtu usiyemjua.

"Hapana," wakala akasema. "Hapana, hapana. Mwenye kosa ni mamba, anayefundishwa ni ndege?"

"Kosa la ndege," dereva akasema. "Mimi abiria mlevi simbebi."

"Na ukimkuta ameanguka barabarani?"

"Huyo ni mlevi mwingine."

"Mwingine vipi? Mlevi ni mlevi!"

Mlinzi, aliyekuja kunikamata, akatazama picha juu ya bega la dereva. "Kosa ni kwamba hakuandikishwa," akasema kwa heshima zote. "Pale kwenye meno pangekuwa na daftari. Jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mamba angeogopa."

Hapo hata wapita njia wawili walisimama. Msichana mmoja mwenye begi la chuo akasema funzo ni kutoimba harusini. Mzee mmoja akasema kiboko ndiye mjinga, kwa nini anamwalika mamba? Mwenye duka akatoka nje kutafuta vitabu vyake, akakuta kikao, na kabla hajafungua mdomo kugomba alishasema, "Lakini ndege angemwomba mamba akae upande wa jua, angeona meno mengine yote…"

Mimi nimesimama katikati, kitabu cha dhahabu kwapani, nacheka mpaka kilemba kinalegea. Miaka arobaini najua jambo hili, na nilitaka kulisahau mbele ya herufi za dhahabu: kitambaa kinachouzika ni kile ambacho wanawake wawili wanakivuta kila mmoja kwake. Kitabu kinachosema usiibe, na wote mkasema kweli usiibe, mkafunga, hicho ni cha kuweka kabatini. Cha mtoto ni kile kinachomfanya mtu mzima aliyekuja kukamata mwizi asahau mwizi.

Ila nilikuwa nimeshakitukana mbele ya mwenye nacho. Nikayameza maneno yangu, yakashuka kwa shida.

"Nifungie hiki."

"Kinachotoa rangi?" Mikono kiunoni.

"Nifungie kabla sijabadili mawazo."

"Hicho hicho chenye kidole chako, Mukecuru. Kipya sikupi."

Nikalipa, nikamrudishia kile cha dhahabu, naye akakitia cha mamba kwenye mfuko wa karatasi. Nikashuka Muhima kama binti aliyepewa barua.

Wiki ile nilifanya mazoezi dukani. Mteja akiingia anakuta nimeweka kidole chini ya neno, nalisukuma. Mmoja alikuja kutafuta kitenge cha msiba, akasimama mpaka ndege amemezwa. Akaniambia asante, akaenda, akarudi kesho yake kuuliza ametoka? Nilimwambia ametoka. Akasema alilala vibaya.

Jumapili nikaenda Niboye. Bamwana alikuwepo, bila shaka, na sketi yake ya kitambaa kizuri, simnyimi haki yake. Nikatoa kitabu mbele ya wote. Akabadilisha miwani.

"Bamwana, hii kitabu iko na alama ya kidole kwa mgongo ya mamba."

"Ni changu. Nilikuwa nampima."

Kiswahili cha bamwana ni cha kukatakata, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, lakini anavuka. Akaenda moja kwa moja kwenye funzo. Walimu ndivyo walivyo, wanaanzia kwenye jibu.

"Funzo iko sawa kabisa. Mtoto asiingie kwa mambo ya watu hajui."

"Funzo ni baya."

"Iko imeandikwa!"

"Hata ndege vichwa chini wamechorwa. Mtoto, njoo."

Mjukuu wangu akaja akaketi zuliani, mgongo kwenye miguu yangu. Mwanangu na mkewe wakakaa kama watu walioitwa kutoa ushahidi. Nikaanza. Mam-ba a-na-li-a. Polepole. Nilipofika ukurasa wa tatu mtoto akaanza kucheza na vidole vyake vya miguu, na mkono wa mwanangu ukaenda kwenye simu. Nikaiona Jumamosi yangu inaondoka, inafunga mlango nyuma yake.

"Lete nisaidie," bamwana akasema. Kwa wema, na huo ndio uliouma. Akakichukua, akarudi mwanzo, akasoma kurasa mbili kwa pumzi moja, tata-tata-tata, kila herufi mahali pake, akafungua ukurasa wa tatu.

"Jaja! Ngoja!" Mtoto ameshika ukurasa kwa mikono miwili. "Ndege hajaingia!"

"Ameingia, nimesoma. Hapa."

"Bado! Miguu iko nje. Nyogokuru anangoja mpaka miguu iingie."

Mimi sikuwa nangoja miguu ya mtu. Nilikuwa natafuta mwisho wa neno. Lakini sikuona sababu ya kumsahihisha mtoto aliyekuwa anasema vizuri. Kumbe wakati ninapokwama na herufi, yeye anatembea ndani ya picha: anahesabu meno, anatafuta samaki waliojificha, anamtazama chura anayeziba masikio. Bamwana akanitazama juu ya miwani, akanirudishia kitabu. Nikasoma kwa mwendo wangu mpaka harusini, na tumbo lilipoanza kuimba, niliimba. Mtoto akagaragara. Mama yake akalia kwa kucheka. Mwanangu aliiweka simu chini ya mto.

Nikasoma na funzo, maana sifichi kitu. Mtoto akafikiri.

"Na jino lingine likimuuma?"

Bamwana akanyoosha mgongo kama yuko darasani.

"Atakuwa amejifunza," akasema.

"Lakini nani atamng'oa?"

"Daktari," mwanangu akasema.

"Papa, daktari ndiye ndege!"

"Ndege arudi," nikasema mimi, "lakini na kijiti cha kuzuia mdomo usifunge."

"Kijiti?" Bamwana akasimama. "Bamwana, kijiti kwa mamba? Ataivunja kama kibiriti! Ndege asirudi kabisa!"

"Basi mamba aumwe mpaka lini?"

"Mpaka aombe musamaha! Kwa barua!"

"Mamba anajua kuandika?"

"Ajifunze!"

Chai ikapoa. Mkwe wangu alikuwa upande wa barua, mwanangu upande wa kijiti, halafu wakabadilishana bila kujua. Mtoto alitugeukia mmoja mmoja, macho yanawaka, halafu akauliza lile nililokuwa nalisubiri tangu siku ya maharagwe.

"Jumamosi Nyogokuru atanisomea tena?"

Mwanangu akanitazama. "Jumamosi ipi, Mama?"

"Ijayo. Yenye kichwa."

Akacheka, akainua mikono. Akasema sawa, na inayofuata kwa Jaja, na hivyo hivyo kwa zamu. Nilitaka kupiga vigelegele. Bamwana akafunga miwani yake kwenye kasha, pole pole, tak.

"Aende," akasema. "Lakini na mimi nakuja. Siwezi kuacha mtoto afundishwe kwamba mtu anaingia mara mbili kwa mdomo ya mamba."

Jumamosi ile saa mbili na nusu asubuhi teksi ilisimama mbele ya lango langu Kabeza. Nilikuwa nimeshaamka tangu alfajiri, nimeshapanga viti, nimeshavipangua. Mtoto aliingia mbio, kitabu kifuani. Nyuma yake Jaja, na mfuko wa ndizi, anatazama kuta zangu akitafuta kasoro. Ndege ya abiria ilipita juu, mabati yakatetemeka, hakutishika. Tulisoma mara moja, polepole, mpaka miguu ikaingia. Halafu mtoto akafunga kitabu akasema kusoma kumetosha, sasa tujue kama kijiti kinafaa.

Akamlaza Jaja kwenye mkeka. Mwalimu mstaafu, mwenye heshima zake, sketi ameikusanya magotini, miwani ameishikisha mtoto, mdomo wazi kuelekea dari langu. Mimi nikapewa mwiko kuwa kijiti.

"Nyogokuru, mwulize kwanza ameomba msamaha?"

"Bamwana, umeomba msamaha?"

"Aaa-aaa," bamwana akasema, mwiko uko menoni.

"Amesema ndiyo," mtoto akasema. "Ingia."

Nikapeleka vidole viwili kwenye jino la nyuma. Kicheko kilikuwa kimeanza kumtikisa tumboni, nikakiona, nikajua, na bado nikaingia. Akautema mwiko. Akaning'ata.

"Bamwana!"

"Nilikwambia!" Amekaa, machozi yanamtiririka, anapiga mkeka kwa kiganja. "Nilikwambia asirudi!"

"Umening'ata kweli!"

"Kidogo tu! Kwa raha ya kupona!"

Jirani alichungulia ukutani kuuliza kuna nini. Mtoto alikuwa anaruka juu ya mkeka, miwani ya Jaja puani, anapiga makofi.

"Sasa Nyogokuru awe mamba! Jaja awe ndege!"

Bamwana akakunja mikono ya blauzi, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Nikavua kilemba, nikalala chini, nikafungua mdomo.